Kona ya Mazutu

Ajali haina kinga, watu husema, na wakishasema hivyo hutulia kana kwamba wamemaliza kazi. Mimi msemo huo nauchukia. Ajali ya kwetu ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa debe la vumbi la mbao, limwagwe alfajiri kwenye kona na liachwe palepale mpaka jioni. Jambo rahisi kuliko hilo silijui, na bado lilitushinda.

Watu wakiniuliza juu ya Kigali ya zamani huwa wanataka kusikia mwaka mmoja tu. Siwalaumu, lakini mwaka huo nina haki ya kuunyamazia. Kabla yake kulikuwa na miaka ambayo tuliamka, tukapika, tukashona nguo za watu, tukaugua, tukagombana na majirani. Tulichoka sana miaka hiyo, na uchovu wake hakuna aliyewahi kuniuliza. Basi leo nasimulia kona.

Tulikaa Nyakabanda, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Barabara ya lami ilipanda kutoka bondeni, ikapita mbele ya kiwanja chetu, na hatua chache juu yetu ikajikunja ghafla kuzunguka ukuta wa mawe. Ukisimama uani kwetu uliiona kona yote. Malori ya mchanga yalipanda hapo tangu asubuhi na mapema yakitoka mtoni Nyabarongo, yakinguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mume wangu alikuja nyumbani kwa upande wa pili, akitelemka kutoka Nyamirambo. Hakuwa na njia nyingine. Kila siku ya Mungu ilimbidi apite kwenye kona ile kwa pikipiki.

Mazutu ndiyo dizeli. Jina hilo tulilichukua kwa Wabelgiji na hatujalirudisha mpaka leo. Zamani mazutu hayakuwa shida. Kisha mwaka tisini, mwezi wa kumi, vita vikaingia kutoka kaskazini, na barabara ya Uganda ambayo mafuta yalikuwa yakipitia ikafungwa. Mafuta yakawa yanazungukia Tanzania, yanakuja siku yanapotaka kuja. Dereva wa lori akisikia kituo fulani kimepata mazutu, alikuwa anajaza tangi mpaka shingoni, maana kesho hakuijua. Na vifuniko vya matangi vilikuwa vimeibiwa karibu vyote, kwa sababu mwizi wa mazutu akishafungua kifuniko hapotezi muda kukirudisha. Basi madereva walisokota tambara, wakaliziba tundu kwa tambara, wakaondoka.

Lori la namna hiyo, limejaa mchanga nyuma na mazutu ubavuni, likifika kwenye kona yetu lilikuwa linainama upande mmoja, na tangi linacheua. Kila lori lilimwaga kidogo tu, kama bakuli moja hivi, na baada ya malori kumi lami inang'aa rangi zote. Petroli ikimwagika hukauka yenyewe ukiitazama. Mazutu hayana haraka. Hukaa, husubiri, na matone ya kwanza ya mvua yakianguka huelea juu yake na barabara inakuwa sabuni. Gari lenye magurudumu manne hupita na habari halina. Pikipiki ina mawili, na la mbele likishateleza dereva hapati hata nafasi ya kusema bismillahi.

Mume wangu alibeba abiria kwa pikipiki kati ya Nyamirambo na mjini. Kazi hiyo ilikuwa bado changa wakati ule, watu wengine waliogopa kupanda, na wazee waliona aibu kumkumbatia dereva kiunoni. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, mpole mpaka anaudhi. Abiria wake walimpenda kwa upole huo. Mimi niliyeolewa nao nilikuwa nauona upande wake wa pili: ukimkanyaga, anakuomba radhi.

Mwaka wa tisini na moja alianguka kwenye kona ile kwa mara ya kwanza. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, mfupa ukachomoza. Wakamtia chuma ndani. Daktari alimwambia kwa Kifaransa, naye akaja kunitafsiria akiwa anacheka cheka, kwamba mfupa ule umeshikiliwa na chuma na bahati, na ukivunjika tena hapatakuwa na pa kufunga kitu, wataukata. Sikucheka. Nilimwambia aache pikipiki. Akaniuliza afanye nini, na mji mzima wakati ule ulikuwa unajiuliza ufanye nini. Baada ya miezi akarudi barabarani akichechemea.

Tangu hapo nilikuwa na kazi mbili duniani, kushona na kuulinda mguu ule.

Zamani ingekuwa rahisi. Tulikuwa na umuganda, kazi ya pamoja ya kila wiki, ambayo wote tuliichukia na wote tulikwenda. Mkubwa wa seli, yaani kiongozi wa mtaa wetu, alikuwa akiona mazutu pale anaamuru watu wachote mchanga, wamwage, mambo yanaisha. Kisha vikaja vyama vingi. Kila mtu akapata kofia ya chama na sababu ya kutotoka nyumbani. Umuganda ukawa ni wa chama cha zamani, na mtu akionekana na koleo barabarani watu wanauliza ametumwa na nani. Nilimwendea yule mkubwa wa seli nikamweleza habari ya kona. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yake, hana wa kumwamuru.

"Mama, hata mimi nachoka," akasema. "Nikiita watu, iko wenye watasema nafanya propaganda. Acha tu. Bwana yako aende buhoro buhoro."

Buhoro buhoro, yaani polepole. Ushauri huo nilipewa na watu wengi hata nikawa nausikia usingizini.

Nikaamua kufanya mwenyewe. Kwanza nilijaribu kwa njia ya kazi yangu. Nilikata turubai na mpira wa ndani wa tairi, nikashona vizibo vinene vya kukaza tundu la tangi, nikasimama kando ya kona nikivigawa kwa madereva. Walicheka sana. Walivichukua lakini, na kwa wiki chache barabara ilikuwa kavu na mimi nikajiona nimewashinda wakubwa wa serikali. Halafu vikaanza kupotea kimoja kimoja. Dereva mmoja aliniambia bila haya kwamba cha kwake alimpa mtoto akifanye mpira wa kuchezea.

"Ilikuwa nzuri sana, mama," akasema. "Ungeshona ingine?"

Sikushona kingine.

Ndipo nikamkumbuka seremala. Alikuwa na kibanda chake juu kidogo ya kona, jirani mwema, na nyuma ya kibanda palikuwa na kilima cha vumbi la mbao, lile laini kama unga linalodondoka chini ya msumeno. Vumbi hilo hunywa mazutu kuliko mchanga. Ukilimwaga likalala saa nyingi, huvuta mpaka yale yaliyojificha kwenye vitundu vya lami, na tairi likipita juu yake linapata pa kushika. Nilimwomba.

"Chukua yote, mama," akasema. "Mie nilikuwa naichoma tu."

Basi kila alfajiri, baada ya swala, nilipanda na debe kichwani, nikamwaga vumbi kwenye kona kuanzia ukuta mpaka mtaro, nikalitandaza kwa mguu. Madereva wa malori walinipigia honi za utani. Watu waliokuwa wakienda kazini waliniuliza kama nafuga kuku barabarani. Nikirudi nilinuka mazutu mikono, kanga, mpaka nywele. Nilioga haraka, nikaibeba mashine yangu ndogo kichwani mpaka Gitega, nilikokuwa na nafasi ya kushonea kwenye baraza ya duka, na nikarudi jua likizama. Nilikuwa na nguvu wakati huo. Sasa nikikumbuka tu kiuno kinauma.

Mwaka wa tisini na mbili mama mkwe alikuja kukaa nasi. Kwao ni kaskazini, upande wa Byumba, na vita vilimkuta huko. Alifika na kitenge alichovaa, rozari, na sufuria moja ambayo hakukumbuka kwa nini aliichagua. Nyumba, shamba la maharage, ng'ombe wawili, vyote vilibaki huko na hakuviona tena. Alikuwa Mkatoliki wa siku zote, na mwanawe alikuwa amesilimu kabla ya kunioa. Sikuwahi kusikia neno lake moja la kulalamika juu ya hilo. Kiswahili alikiokota Uganda ujanani, alikokwenda na mumewe kulima pamba, na ingawa mimi Kinyarwanda nakijua vizuri, alishikilia kusema nami Kiswahili kwa kuniheshimu. Aliniita mukazana, yaani mke wa mwana, na kila mara aliponiita hivyo alitabasamu.

Nilimpenda. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu kuna wanaodhani mke na mama mkwe lazima wawe paka na panya.

Ila hakuna kitu kigumu kama kukaa na mtu aliyezoea kazi na hana kazi. Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yangu, akafagia ua. Uani kwetu ni padogo, akamaliza upesi. Akafagia tena. Kwao mwanamke anayejiheshimu hufagia mpaka njiani, mpaka pale ambapo mtu wake atatokea akirudi, ili arudi kwenye pasafi. Aliniambia hivyo siku moja akiutazama uwanja wetu kwa huruma.

"Huku Kigali hamuna njia ya kwenu," akasema. "Mlango, halafu balabala ya kila mtu."

Mchana alibaki na mtoto. Jioni alimchemshia mwanawe maji, akatia chumvi, akakaa chini mbele yake na kuukanda ule mguu wenye chuma, polepole. Mume wangu alifumba macho. Nafikiri ilikuwa saa nzuri kuliko zote kwao wawili. Mimi niliitumia kulala kidogo kitini.

Baada ya miezi nikaona jambo. Nikirudi jioni kutoka Gitega, vumbi langu halikuwapo kwenye kona. Kwanza nilidhani ni upepo. Lakini upepo hauchagui, na hapa palikuwa pamesafishwa vizuri kutoka ukuta mpaka mtaro, na mistari ya fagio inaonekana. Juu ya lami palikuwa pamebaki utando mwembamba, unang'aa. Anayelifagia vumbi mapema huchukua lile la juu na kuipaka barabara mazutu yaliyobaki, kama mtu anayepiga kiatu rangi. Heri lisingemwagwa kabisa.

Sababu niliijua bila kuuliza. Makaa yalikuwa adimu. Wakimbizi wa vita walikuwa wamejaa nje ya mji upande wa kaskazini, kila mti umekatwa, na makaa yaliyotufikia yalikuwa mabichi yasiyoshika moto. Vumbi lililokunywa mazutu, kibaba kimoja tu chini ya makaa, jiko linawaka kabla hujageuka. Nikasema ni hawa majirani. Nikaenda nyumba kwa nyumba nikiwa nimefunga kanga kiunoni, na uso wangu siku hizo haukuhitaji kuongezwa pilipili.

Wote walikana. Jirani wa ukuta mmoja nasi, mwanamke aliyeuza sambusa, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja unga.

"Mie sikuchukua," akasema.

"Nani basi?"

"Sijui, dada. Hiyo ni mambo ya kwenu. Mie siingii."

Siku zile kila kitu kilikuwa chama. Mumewe alikuwa na kofia ya rangi moja na mkubwa wa seli alikuwa na kofia ya rangi nyingine, nikafikiri anaogopa siasa. Nikaondoka nimekasirika. Nyumbani nilimweleza mume wangu mbele ya mama yake jinsi mtaa mzima ulivyo na roho mbaya. Alikuwa amefumba macho, miguu ndani ya beseni.

"Nitapita polepole," akasema.

"Polepole haitoshi."

"Nitapita polepole sana."

Mama mkwe aliendelea kukanda. Nilikuwa nimekasirika mno hata kuona kitu kingine.

Nikaongeza vumbi. Nilimwaga madebe mawili badala ya moja, na jioni nilikuta pamefagiliwa yote mawili. Nikapanga kubaki nyumbani siku moja nimvizie mwizi, lakini sare za shule zilikuwa nyingi, kisha mtoto akaugua, kisha mimi nikaugua. Uchovu ni hivyo. Unajua cha kufanya, na unakipanga kesho.

Siku aliyoanguka mara ya pili ilikuwa ya masika, mwaka wa tisini na tatu. Asubuhi ilikuwa kavu na nilimwaga vumbi kama kawaida. Alasiri wingu likasimama juu ya mji bila kunyesha. Nilikuwa Gitega nikitia vifungo, nikamwona seremala anakuja kwa miguu, kofia mkononi. Tangu Nyakabanda mpaka pale alikuwa amekuja mwenyewe, na kibanda ameacha wazi. Nilifunika mashine.

Tulipokuwa njiani kwenda hospitali alinisimulia. Matone yalikuwa yameanza, machache tu. Mume wangu alitokea juu akitelemka, peke yake, hana abiria, anakwenda taratibu kiasi kwamba seremala alimpungia mkono na yeye akaitikia kwa kichwa. Alipoingia kwenye kona gurudumu la mbele likaondoka, tu, kama mtu aliyevutiwa mkeka. Pikipiki ikamlalia mguu wa kushoto juu ya jiwe la ukingo wa mtaro.

"Hakukimbiza, mama," seremala akasema. "Haki ya Mungu, hakukimbiza."

Mguu walimkata chini ya goti.

Sitaeleza siku zile za kwanza. Nilikuwa napeleka chakula hospitali, narudi, nanyonyesha, nafua, nakwenda tena. Mama mkwe alikataa kutoka. Alitandika mkeka chini ya kitanda cha mwanawe na akalala hapo na rozari yake. Mume wangu alipopata nafuu kidogo, majirani walikuja kumtazama: seremala, yule jirani wa sambusa na wanawake wengine wawili wa mtaani. Walisimama kuzunguka kitanda, wakasema pole, wakasema ihangane, yaani vumilia, wakasema yale yote ya kusemwa. Kisha wakatazama mahali ambapo shuka lililala bapa.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, na alisema kwa sauti ya mtu anayetafuta msaada katika hesabu iliyomshinda.

"Mie siwezi kuelewa. Ile kona nilikuwa nafagia kila siku. Huyu mukazana anamwaga vumbi asubuhi. Ikisha kunywa ile mazutu, inakuwa nyeusi, mie nachukua mtoto mugongo, napanda, nafagia uchafu yote, natoa kwa njia ya mwana wangu. Nafagia mpaka chini inang'aa. Ile vumbi nawasha nayo moto ya maji ya mguu yake. Kila siku. Sasa hii mazutu ilitoka wapi?"

Seremala alitazama viatu vyake. Jirani wa sambusa aligeukia dirisha, na hapo nikaelewa alichokuwa akikataa kuingia. Alimwona kila siku. Mtaa mzima ulimwona, kikongwe na fagio lake na mtoto mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumshtaki mama mkwe kwa mke wa mwana.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa na maneno tayari, yamepangwa, makali, na nilikuwa na haki nayo yote. Nikamtazama mume wangu kwanza. Alitikisa kichwa kidogo sana juu ya mto, kama anayefukuza inzi. Nikafunga mdomo.

Wageni walipoondoka mama mkwe alitoka kuwasindikiza, kama ilivyo desturi. Tukabaki wawili.

"Ulijua," nikasema.

"Nilimwona. Siku moja mchana nilipita na abiria, nikamkuta anafagia. Akanipungia. Alikuwa na furaha."

"Lini?"

"Zamani. Kabla hujaanza kugombana na majirani."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nini? Mama, unataka kuniua?" Alipumzika, maana kusema kulimchosha. "Walimnyang'anya kila kitu kule. Hapa kwetu alikuwa na kazi ile tu, kunifagilia njia na kunichemshia maji. Nikafikiri nitapita polepole."

Heshima si utumwa, Waswahili husema, na mama yangu alinilea kwa msemo huo. Lakini heshima ya mume wangu ilikuwa na bei, na ilikatwa kwenye mguu wangu mimi pia, kwa sababu ni mimi niliyepanda mlima ule na debe kichwani, na ni mimi nitakayemsaidia kuoga maisha yake yote. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kuliko lori, kuliko vita, kuliko wezi wa vifuniko. Angeniambia mimi tu. Ningemtafutia mama yake kazi nyingine, ningemwambia vumbi hili lina dawa lisiguswe, ningesema uongo wowote. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimechoka kiasi kwamba hasira yenyewe sikuweza kuinuka nayo. Yeye alilala. Hata sasa hivi, akiwa amekaa pale nje kwenye kiti chake na redio, kuna siku naipata ile hasira mpya kabisa, na namwongezea chai bila kumtazama.

Jioni ile nilimlazimisha mama mkwe aje nyumbani aoge na kubadili nguo. Tulirudi kwa miguu, mimi na mtoto mgongoni, yeye nyuma kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha. Tulipofika kwenye kona alisimama. Malori yalikuwa yamepita siku zote hizo na hakuna aliyemwaga wala aliyefagia. Lami ilikuwa na rangi zote za mazutu, na alama ya pikipiki ilikuwa bado ipo kwenye jiwe la ukingo. Aliinama, akagusa chini kwa kidole, akakinusa, akakipangusa kwenye kitenge chake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekosea shuleni.

"Mukazana, nambie kweli. Ama sikufagia vizuri?"

Nikamshika mkono ili asiteleze.

"Ulifagia vizuri, mama," nikamwambia.